Michoro halisi ya katuni Tanga: mwenzetu aangalie nini makumbusho ya Brussels?

Mdau wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Kikundi cha wachoraji hapa Tanga kinaandaa maonyesho ya katuni za magazeti: michoro halisi ya wino pamoja na kurasa za zamani. Ukumbi ni nyumba ya kale mjini, kuta za matumbawe na chokaa, madirisha yanatazama bahari. Mwenzetu atapita Brussels na ana nusu siku ya kuingia makumbusho ya katuni ya kule. Aangalie nini kitakachotufaa huku?

Wino Mweusi
Mkuu, makumbusho yapo Rue des Sables namba 20, karibu na stesheni kuu, anafika kwa miguu. Jengo lilisanifiwa na Victor Horta, likawa duka la vitambaa mwaka 1906. Makumbusho yakafunguliwa 1989. Paa la kioo linamwaga mwanga ukumbini. Unapendeza mno, ila kwa karatasi ni sumu. Alinganishe mwanga huo na wa vyumba vyenye michoro halisi. Programu ya simu inatosha kukadiria. Kiwango cha kawaida kwa karatasi ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Kisha asimame robo saa mbele ya mchoro mmoja badala ya kupitia mia. Atafute penseli ya samawati: kamera za uchapaji hazikuiona, ndiyo maana wachoraji hawakuifuta. Atafute wino mweupe uliofunika makosa, na vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye maneno. Aangalie na ukubwa, maana wengi huchora kubwa kuliko ukurasa ili mistari ikaze inapopunguzwa. Haya gazetini hayaonekani kabisa. Kwenu pia wekeni mchoro na ukurasa wake ubavuni, mtazamaji alinganishe mwenyewe.

Karatasi na Chumvi
Naongezea ya Tanga, maana huku adui ni unyevu. Ukikaa juu ya asilimia 65 siku nyingi, kuvu inaota. Kwa hiyo msifungue wakati wa masika.

Ukuta wa chokaa unavuta maji. Gundisheni vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma za fremu, hewa ipite. Ndani, mchoro usiguse kioo: katikati pawe na kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, unene wa milimita 2 hivi. Karatasi ikigusa kioo, unyevu hujikusanya hapo na wino hunata. Kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku ni kibaya kuliko feni tupu, kwa sababu unyevu unashuka na kupanda kila siku na karatasi inajikunja.

Selotepu, hapana! Gundi yake inapenya na kuacha doa la kahawia. Shikizeni kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba imara na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili mchoro upate nafasi ya kutanuka. Uji uwe kidogo, mende wanaupenda.

Mdau wa Chumbageni
Shukrani wakuu. Na michoro yenye rangi za makapeni?

Wino Mweusi
Hiyo onyesheni nakala, na muandike wazi kuwa ni nakala. Wino wa kaboni unahimili mwanga. Makapeni hupauka upesi hata nyuma ya kioo. Karatasi ya gazeti nayo ina lignini, kemikali ya asili ya mti; mwanga unaigeuza karatasi njano kisha inavunjika. Skanini kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), halafu michoro halisi ilazwe ndani ya bahasha zisizo na asidi, kwenye kabati lisilogusa ukuta, ghorofa ya juu.