Kulanti gani inafaa Peugeot 504 ya zamani yenye rejeta ya shaba?

BintiMwalimu, Kiamunyi, Nakuru

Habari zenu. Baba alituacha mwaka jana, na mimi ndiye niliyebaki na Peugeot 504 yake ya mwaka 1979, saluni ya petroli. Sisi watoto wanne tulipelekwa shule na hilo gari. Sitaki life mikononi mwangu.

Marehemu alikuwa akitia maji ya bomba, na mara mojamoja kulanti ya kijani, ile dawa ya maji ya rejeta. Mwezi wa pili nilikuwa naenda Eldoret. Nilipopita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, mshale wa joto ukakimbilia mwisho. Nikaegesha, nikangoja karibu saa nzima ndipo nikafungua kifuniko. Maji niliyokuta mle ndani yalikuwa mazito na mekundu kama uji wa wimbi.

Nikaenda duka la spea mjini. Kijana wa pale akaniuzia lita tano za kulanti ya pinki, akasema ndiyo ya kisasa, inakaa miaka 5. Fundi wangu alipoiona akakataa kuitia, akataka ya kijani, ila hakunieleza sababu. Jirani naye anasema kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, hapa nitie maji tu. Chupa bado haijafunguliwa. Nimsikilize nani?

Mkulima_Njoro

Pole sana kwa msiba, dada. Jirani yako ana hoja. Trekta yetu ya mzee imekunywa maji ya kisima miaka mingi na bado inalima. Barafu ya Nakuru tunaiona kwenye friji tu.

FundiRejeta, Kisumu

Binti yangu, pokea rambirambi zangu. Nimeshona na kulehemu rejeta miaka 31, na Pijo nimezihudumia nyingi kuliko gari lingine lolote, kwa hivyo niruhusu niseme kwa urefu.

Ndugu yangu wa Njoro, barafu kweli hatuna. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili, na kwetu hizo ndizo kubwa. Ya kwanza ni kutu. Injini ya 504 ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinakaa ndani ya maji yenyewe. Rejeta nayo ni shaba iliyounganishwa kwa risasi. Hizo ni metali nne zinazooga pamoja kwenye maji ya moto. Bila dawa ya kuzilinda, zinakulana. Huo uji wa wimbi uliouona ni chuma cha bloku yako kinachotoka kidogo kidogo. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi na chumvi nyingi, nayo yanaharakisha uharibifu.

Ya pili ni kuchemka. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na huko maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Ukifika Timboroa yanachemka mapema zaidi, kama digrii 91. Kulanti inasukuma kiwango hicho juu. Kifuniko cha rejeta pia kinasaidia, maana kila pauni moja ya presha inaongeza takriban digrii moja na nusu. Kifuniko chenye springi iliyochoka hakishiki presha, na mlimani utachemsha hata uweke kulanti gani. Kibadilishe, bei yake ni ndogo.

Sasa ile pinki. Fundi wako amekushauri vizuri, ila rangi yenyewe isiwe kipimo chako. Kila kiwanda kinatia rangi inayokipendeza. Geuza chupa usome nyuma. Ukikuta herufi OAT, hiyo inalinda kwa asidi za kikaboni, nayo imetengenezewa injini za sasa zenye rejeta za aluminiamu na plastiki. Gari la baba yako linataka IAT, ile ya zamani yenye silikati. Silikati inapaka aluminiamu utando upesi na haisumbui risasi. Ila nguvu yake inaisha baada ya miaka 2, umwage uweke mpya.

Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Mteja mmoja aliniletea rejeta ya Peugeot 404 iliyokuwa imekunywa ya pinki mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilipong'oa tangi la juu, midomo ya vile vijibomba vyembamba ilikuwa imeota unga mweupe, laini, kama unga wa muhogo uliolowa ukakauka. Ni risasi iliyoliwa. Nilihesabu vijibomba 17 vilivyoziba kabisa. Yule mzee alikuwa amebadilisha pampu ya maji na gasketi ya hedi bure, na kosa lilikuwa ndani ya chupa.

Rudisha hiyo pinki dukani. Wasipokubali, muuzie mwenye gari la kisasa linaloitaka. Usiichanganye na kijani iliyobaki kwenye injini, maana zinaweza kudhoofishana na wakati mwingine zinaganda kama jeli.

Kabla ya kutia mpya, safisha. Injini ipoe kabisa. Toa themostati, ile vali inayofungulia maji njia injini ikipata joto, fungua koki ya rejeta na skrubu ya bloku, halafu ingiza hozi ya bustani kwa chini ili maji yapande kinyume na njia yake ya kawaida. Endelea mpaka yatoke meupe. Rudisha themostati, usikubali fundi akuambie itupwe. Tia sehemu mbili za kulanti kwa tatu za maji yaliyotoneshwa (distilled). Kama chupa inasema imeshachanganywa, usiongeze maji. Washa injini na hita ili hewa itoke, kisha ongeza.

Ujiandae kwa jambo moja: kutu ya miaka mingi huziba matundu, kwa hivyo baada ya kusafisha unaweza kuona rejeta inavuja pale ambapo haikuvuja. Si kosa la kulanti.

BintiMwalimu

Mzee wangu, asante sana. Nimesoma mara tatu. Nitajuaje kama ya kijani nitakayonunua si maji yaliyotiwa rangi? Nimesikia zipo.

FundiRejeta, Kisumu

Zipo, na zinaniuma moyo. Changanya kidogo kwa kipimo nilichokupa, tia kwenye kichupa chenye kifuniko cha kukaza, andika SUMU, ukilaze kwenye friza usiku kucha mbali na chakula. Maji ya rangi yataamka yakiwa jiwe. Kulanti halisi itabaki ya majimaji. Kipimo hiki hakionyeshi dawa ya kutu, lakini kitamfichua tapeli.

Na hiyo SUMU uichukulie kwa uzito. Kulanti ina ladha tamu, mtoto au mbwa atairamba akitafuta utamu, na inaua figo. Ile unayomwaga ikinge kwa beseni, usiiache kwenye nyasi.

Kaka_wa_Kakamega

Naongeza moja, dada. Feni ya 504 nyingi inashikwa kwa sumaku ya umeme, na kuna brashi ndogo ya kaboni inayoipelekea moto. Brashi ikiisha, feni inazunguka kwa ulegevu tu. Barabara tambarare hutajua, ila ukikwama nyuma ya malori ya Mau Summit utachemsha. Yangu ilinisumbua miezi miwili kabla sijaigundua. Mpe fundi aiangalie injini ikiwa imezimwa.

BintiMwalimu

Nimerudi na majibu. Jumamosi tulisafisha, ndoo ya kwanza ikatoka uji mtupu, na kufikia ya tisa tukaona maji meupe. Rejeta ilianza kutoa tone kwenye kona ya chini kushoto, kama mzee alivyosema, ikalehemiwa siku hiyohiyo. Kifuniko ni kipya. Brashi ya feni ilikuwa imebaki kama punje ya mchele. Kijani niliyoipata imeandikwa IAT, na kichupa changu cha friza kiliamka kikitikisika vizuri.

Jana nimepanda mpaka Mau Summit na mama akiwa kiti cha mbele, nyuma ya lori la mbao njia nzima. Mshale ulikaa katikati. Mama aliuangalia kuliko mimi.