Nani ameendesha yale malori ya zamani ya Marekani yasiyo na pua?

nipo_I80:
Wakuu habari za barabarani. Mi niko huku Marekani mwaka wa tatu, naendesha Freightliner Cascadia, pua ndefu kama kawaida ya huku. Juzi nimelala Nebraska, asubuhi naamka pembeni yangu kuna Kenworth K100, kebini imekaa juu ya injini kabisa, uso umenyooka kama ukuta, mzee mwenye nalo kanikaribisha nipande. Nimekaa kwenye usukani naona lami hapo hapo chini ya miguu, nikakumbuka Scania 113 niliyoanzia utingo Mbeya, nikashindwa hata kuongea. Sasa kwa nini huku wameziacha wakati nyumbani na Ulaya ndio hizo hizo? Na mlioziendesha, mngerudi?

mzee_wa_tela:
Kaka ni sheria, sio ubovu. Zamani majimbo mengi huku yalipima urefu wa gari zima, bampa ya mbele mpaka mlango wa tela, ukiwa na pua inakula nafasi ya mzigo, ndio maana matajiri walitaka kichwa kifupi. 1982 ikaja sheria ya serikali kuu, kwenye barabara kuu wakawa wanapima tela tu, futi 48 ni lazima waruhusu, hapo madereva wakadai pua zao. Freightliner wakajaribu tena na Argosy, nayo haina pua, ile ukifungua mlango ngazi inatoka yenyewe, huku wakaacha kuiuza 2006.
Mi nimekaa kwenye Freightliner bapa miaka minne. Umekalia tairi la mbele, kila shimo linapanda mgongoni, katikati kuna kigongo cha injini cha moto na kelele, kwenda kulala unakiparamia. Mgongo bado unanidai. Lakini kurudisha nyuma kwenye maghala ya katikati ya mji, aisee hakuna kama ile. Kazi ya mjini ningerudi kesho, masafa hapana.

kitonga_usiku:
Mzee shikamoo, ila kwenye masafa nakupinga. Mi nimepanda mlima Kitonga na Scania isiyo na pua na nimepanda na International ya pua hizi used zinazotoka huko kwenu, na kwenye zile kona za korongo nataka nione ukingo na macho yangu, pua inanificha bodaboda anayekatiza mbele mpaka nashtuka. Kweli ukigongana magoti ndio yako mbele, hilo silikatai, nimemzika rafiki. Bado nachagua kuona.
Kitu kinachonikera ni kubinua kebini ili uifikie injini. Ukiharibikiwa porini lazima utoe kila kitu, sufuria, jiko, ndoo, viatu, halafu upige pampu kwa mkono. Siku moja Mikumi tulisahau dumu la mafuta ya kula kitandani, kebini ilivyoinama likaja kupasukia kwenye kioo cha mbele, tumeendesha mpaka Iringa tunaona barabara kama ndani ya supu.

binti_wa_dereva:
Shikamooni wazee wangu. Mi siendeshi ila marehemu baba aliendesha Fiat 682, nayo haina pua, Dar mpaka Ndola, baada ya Rhodesia (Zimbabwe ya sasa) kujitangazia uhuru 1965 na Zambia kukosa njia ya mafuta kupitia kusini. Walienda na mapipa, kurudi na shaba, na bomba la mafuta la TAZAMA, la Dar mpaka Ndola, lilikuwa bado, limekuja 1968. Barabara vumbi kiangazi, masika tope mpaka kwenye ekseli. Alikuwa anasema faida ya ile Fiat ni kwamba usiku Julai kule Makambako baridi ikikaza wanalalia juu ya kifuniko cha injini, joto lilelile mnalolilalamikia. Alipostaafu bado alikuwa akipanda gari la pua anainua shingo kama anatafuta kitu.

nipo_I80:
Dada umenitoa machozi, Mungu amrehemu mzee. Mzee wa tela asante, sheria hiyo nilikuwa siijui kabisa. Yule babu wa K100 ameniambia anapita pale kila wiki mbili, nikimkuta tena namwomba anipe hata maili kumi.