Mtu anayejua kweli anatafutwaje mitandaoni?

Mdadisi_01: Wakuu, habari zenu. Swali la ufundi ukiliweka mtandaoni unapewa laiki na pole nyingi kuliko majibu. Mfano hai: inveta ya wati 1,000, betri ya volti 12 imejaa, lakini mzigo ukiwa mkubwa inajizima. Nimewatagi mafundi wanne wenye wafuasi wengi, wote kimya. Mnawapataje wanaojua?

Ampia: Idadi ya wafuasi iache, mkuu. Ujuzi wa mtu utauona kwenye majibu anayowapa wengine. Tafuta kwa dalili, yaani "inveta inajizima", wala si "fundi wa sola", maana ukiandika hivyo utaletewa matangazo. Fungua nyuzi (mijadala) za zamani, shuka moja kwa moja kwenye majibu, umtazame yule ambaye mwenye tatizo alirudi kumwambia "imekubali". Kisha soma majibu yake kumi hivi. Anayejibu umeme, dawa na ndoa kwa siku moja, mpite.

Kwenye X, andika from: ukiunganisha na jina la akaunti, kisha neno unalotafuta, utapata posti zake zenye neno hilo, ongeza filter:replies yabaki majibu tu. Kwa maswali ya kuandika programu, Stack Overflow ina ukurasa wa wajibuji bora wa kila tagi, yaani kila mada: wa siku 30 zilizopita na wa muda wote. Anza na wa siku 30, kwani wengi wa orodha ile nyingine huenda hawaingii tena.

Nuru_K: Kuwatagi wanne ndiko kulikokuponza, kila mmoja anadhani mwenzake atajibu. Chagua mmoja, umwambie kwa nini yeye: "Uliwahi kueleza suala la waya wa inveta, naomba uangalie vipimo hivi." Muulize hadharani kwanza. Ujumbe wa inboksi kutoka kwa mtu asiyemfahamu mara nyingi huishia kwenye folda ya maombi, na wengi hawaifungui.

Na vipimo viwepo: volti kwenye ncha za betri na kwenye ncha za inveta mzigo ukiwa umewashwa, unene wa waya unaounganisha betri na inveta, na urefu wake.

Mdadisi_01: Kwenye betri 12.8, kwenye inveta inashuka hadi 10.3 ndipo inazima. Waya ni wa milimita 6 za mraba, mita 5.

Ampia: Sasa hilo ni swali linalojibika. Wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 80, na umeme unapita mita 10, kwenda na kurudi. Volti mbili na nusu zinapotelea kwenye waya, inveta inadhani betri imeisha. Isogeze karibu na betri, waya usizidi mita 1.5, unene milimita 35 za mraba, fyuzi iwe upande wa betri. Na yeyote atakayekwambia "nunua betri mpya" kabla hajauliza habari za waya, usimfuate.