Mrejesho: ule upepo wa chini ya mlango, hapa Molo

Jamani, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje na baridi inayopenya chini ya mlango wa sebuleni, maana mama mkwe analala humo na magoti yanamsumbua. Mlinishauri nishone mto mrefu wa kuziba upenyo. Nimeshona, na asanteni sana.

Mlango una upana wa sentimita 90. Nilikata miguu miwili ya jinzi kuukuu, nikaiunganisha, nikajaza vitambaa vya mitumba. Ule wa kwanza ulikuwa mwepesi mno, upepo ukausukuma. Aliyesema niongeze mchanga alisema kweli. Niliukaanga kwenye sufuria hadi ukakauka kabisa, nikautia ndani ya soksi na kufunga fundo ndipo nikauingiza, la sivyo unavuja kwenye mshono.

Juzi usiku niliweka mshumaa sakafuni karibu na mlango. Zamani moto ulikuwa unalala upande. Safari hii ulisimama wima. Mama akaniambia, "Mwanangu, leo miguu yangu imelala." Nilikaribia kulia.

Ila tafadhali, mkishaziba, jiko la makaa lisiingizwe chumbani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Sisi matundu ya hewa juu ya dirisha tumeyaacha wazi.

Sasa umebaki mlango wa chumba cha watoto. Jinzi nyingine ninayo, kesho naanza.