Nina dola 60 za kuona onyesho la tango Buenos Aires, zinatosha?

BintiKatonga (Kigoma)

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nipo Kigoma, kazi yangu ni mambo ya uvuvi wa ziwa. Mwezi wa nane nimealikwa kwenye mkutano wa wiki moja Buenos Aires, Argentina. Tiketi ya ndege na malazi wanalipa wenyeji, posho ndiyo ya kuhesabu. Nimeshatenga ya kula, ya nauli za mjini na ya zawadi za wadogo zangu. Imebaki dola 60, na hiyo sitaki iende kwingine kokote ila kuona tango laivu, bendi ikipiga na watu wakicheza mbele ya macho yangu.

Muziki huu niliupenda kupitia redio ya marehemu baba. Alikuwa mtu wa reli, na usiku akishatoka zamu alikuwa anazungusha kitufe kutafuta stesheni za mbali. Tango ikiingia, hata kwa mikwaruzo, hakuna aliyeruhusiwa kuongea.

Shida ni kwamba kila ukumbi ninaoutazama mtandaoni unaniuzia chakula cha usiku, mvinyo mpaka useme basi, na gari la kukufuata hotelini, vyote kwa pamoja. Bei zinavuka dola 100. Mimi pombe sinywi, nguruwe sili, na nitakuwa mwanamke peke yangu usiku kwenye mji nisioujua. Kuna namna ya kuona kitu cha kweli kwa hela hii? Na asiyejua kucheza anaruhusiwa kuingia akae tu atazame?

GunguKwetu

Dada, usijitese. Nenda La Boca, mtaa wa Caminito, zile nyumba za mabati ya rangi rangi. Migahawa imeweka wachezaji nje mchana kutwa kuvutia wateja. Unasimama, unaona, unaondoka. Dola 60 zako unarudi nazo Kigoma.

Mama Isevya (Tabora)

Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Mimi ni mtu wa asali hapa Tabora, na asali ndiyo iliyonifikisha Argentina, maana wale ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa asali duniani na nilipelekwa kujifunza kwao. Nilipanga chumba mtaa wa Almagro, posho ya mwanafunzi, na nilikuwa na njaa ya muziki kuliko ya chakula. Baba yangu alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi za dansi hapa mjini enzi za Tabora Jazz, kwa hiyo mimi nikiona wanamuziki wamekaa na vyombo vyao siwezi kupita.

Dola 60 zinatosha, na chenji inabaki, ukikataa kununua chakula na onyesho kwenye tiketi moja. Hivyo ndivyo bei inavyopandishwa. Kumbi kubwa zina daraja kadhaa: chakula na meza ya mbele, chakula na meza ya kawaida, na mwisho kabisa, ambayo tangazo huliweka chini, onyesho peke yake na kinywaji kimoja. Waambie "solo show", wataelewa. Wageni wa chakula huanza kuingia mapema usiku, sisi wa onyesho tu tunaingia karibu na saa nne. Kwako wewe usiyekunywa, kulipia mvinyo wa bure ni kuwalipia wa meza ya jirani. Wala usinunulie mapokezi ya hoteli, pale kuna kamisheni. Nenda dirishani kwao mchana, ulize mwenyewe. Au pita kwenye vibanda vya tiketi za punguzo vya kuzunguka Avenida Corrientes, wanaviita cartelera. Vinauza tiketi za maigizo na mara nyingi hata za tango.

Niliwahi kupelekwa na wenyeji wetu kwenye ukumbi mmoja mkubwa, kwa gharama zao. Jukwaa lilikuwa la kifahari na wachezaji walikuwa na miguu ya ajabu. Lakini mwimbaji alikuwa anaimba huku wahudumu wanapita katikati na sahani za nyama, visu vinagonga, watu wa mabasi ya watalii wanapiga picha za nyama yao. Moyo uliniuma kwa ajili ya yule mwimbaji.

Ningekuwa wewe ningeenda Café Tortoni, Avenida de Mayo. Mkahawa huo upo tangu 1858, na chini yake kuna ukumbi mdogo wa onyesho. Ni wa bei nafuu kuliko zile kumbi za mabasi, na udogo wake ndio faida, kwa sababu unakaa karibu kabisa na wapigaji. Treni ya chini ya ardhi, laini A, kituo cha Piedras, ukitoka tu umefika. Baba yako mtu wa reli angependa kujua: laini hiyo ilifunguliwa mwishoni mwa 1913, miezi michache tu kabla reli yetu haijafika Kigoma mwaka 1914.

Kabla ya hapo kula Güerrín, pizzeria ya tangu 1932 iliyopo Corrientes. Usikae mezani. Simama kaunta na wenyeji, nunua kipande cha pizza ya jibini tupu na kipande cha fainá, mkate bapa wa unga wa dengu. Hamna nguruwe, hamna mhudumu wa kumwachia bahashishi, umeshiba. Halafu tembea taratibu mpaka Tortoni.

Ukishakaa, acha wachezaji kwanza. Mtazame mpiga bandoneón. Ni chombo cha jamii ya kodiani kilichotoka Ujerumani, anakiweka gotini juu ya kitambaa, mara nyingi cha mahameli, kisichubue suruali. Kile wanachokipenda wao kina vitufe 71, na kitufe kilekile hutoa sauti moja chombo kikifunguliwa na nyingine kikifungwa, kwa hiyo mpigaji anabeba ramani mbili kichwani kwa kila mkono. Ukiwa karibu unasikia hewa ikiingia kabla ya noti, na kuna mahali anakiachia kijifungue chenyewe kwa uzito wa mikono huku kichwa kimeinama. Redio ya baba yako haikuweza kukuletea hiyo hewa. Tega sikio pia kwenye kitu kisichokuwepo: bendi ya kawaida ya tango haina ngoma. Piano na besi ndivyo vinavyobeba mwendo, na violini zinalia juu yake.

Kuhusu kukaa na kutazama, ndiyo, inaruhusiwa. Kumbi ambazo wenyeji wanacheza wenyewe zinaitwa milonga, kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na onyesho. Mimi nilikuwa naenda La Catedral, Sarmiento 4006, ghala la zamani lenye paa la juu, taa hafifu na viti visivyofanana. Jiko lao halina nyama, hivyo hata chakula hakikutishi. Mzee mmoja alikuwa anakuja na viatu vyake vya kuchezea kwenye mfuko wa kitambaa, anavibadilisha chini ya meza, anafunga kamba polepole, anakaa wima. Huyo alinifundisha zaidi ya jukwaa lote la wageni, ingawa hatukuwahi kusema neno.

Kuna kanuni moja usiikosee. Pale mwanaume haji mezani kukuomba. Anakutazama kwa mbali, ukikubali unamtazama na kutikisa kichwa kidogo, ndipo anasogea. Hutaki kucheza? Usimkazie macho mtu, tazama miguu au tazama bendi. Utaachwa kwa amani usiku mzima. Muziki unakuja kwa mafungu ya nyimbo tatu au nne, halafu kipande kifupi cha muziki mwingine kabisa, na hapo wote wanaondoka sakafuni. Kupita sakafuni katikati ya wimbo ni utovu wa adabu, zunguka pembeni.

GunguKwetu mdogo wangu, Caminito si pabaya, ila muziki mwingi pale ni wa spika, na kila picha mtu ananyoosha mkono. BintiKatonga akienda aende mchana, abaki kwenye ile mitaa ya watalii, asizubae na simu.

GunguKwetu

Nimekusoma mama, lakini hapo kwenye kumbi kubwa sikubaliani na wewe. Mtu anasafiri kutoka mwisho wa reli mpaka upande wa pili wa dunia, huenda asirudi tena. Jukwaa lenye bendi kamili na wachezaji waliobobea ndiyo kazi ya watu, ndiyo mishahara ya wanamuziki. Tukisema wote tukae na kiingilio kidogo, wapigaji watakula nini? Kama upungufu ni dola 20 au 30, mie niko tayari kumchangia dada.

Mama Isevya (Tabora)

Umesema neno la maana kuhusu wapigaji, na kuchangia ni uungwana. Ndiyo maana sikumwambia asilipe. Namwambia alipe pale ambapo hela yake inafika kwenye muziki badala ya kuishia kwenye nyama na basi. Osvaldo Pugliese, mmoja wa wakubwa wa tango, aliendesha okestra yake kama ushirika, kila mpigaji akipata fungu lake kulingana na kazi aliyofanya. Baba alipokuwa anagawana kiingilio na wenzake mlangoni usiku wa manane alikuwa anafanya hesabu za namna hiyohiyo, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa uchungu. BintiKatonga, weka noti ndogo za pesa yao mfukoni. Sehemu nyingi bendi ikimaliza kofia inazungushwa. Watunze kama unavyotunza bendi nyumbani, usione haya.

Tena una bahati ambayo hujaijua: mwezi wa nane ndio mwezi wa tamasha la tango la jiji, pamoja na mashindano ya dunia yaliyoanza 2003. Maonyesho mengi ni bure, mengine unachukua tiketi ya bure mapema. Mashindano yana makundi mawili, tango ya sakafuni na tango ya jukwaani. Ya sakafuni hawarukiruki wala hawanyanyuani, wanazunguka ukumbi kinyume cha saa wamekumbatiana. Ya jukwaani ndiyo yale mateke ya juu anayoyataka GunguKwetu, na hapo utayaona kutoka kwa walio bora duniani bila kulipa hata senti. Ratiba ikitoka tu, isome kabla ya ratiba ya mkutano wako.

Mzee wa Ujiji

Wanangu, salaam. Nilikuwa baharia, Buenos Aires tulitia nanga. Naongeza jambo moja ambalo watalii huambiwa haraka haraka. Tango ina mkono wa watu weusi. Walipelekwa pale utumwani kutoka Kongo, Angola, hata Msumbiji, wakakaa mitaa ya San Telmo na Montserrat na ngoma zao za candombe. Mpiga piano Rosendo Mendizábal, aliyetunga moja ya tango za mwanzo kabisa zinazopigwa mpaka leo, mwaka 1897, alikuwa mtu mweusi. Horacio Salgán, aliyefariki 2016 akiwa na miaka 100, naye alikuwa wa damu hiyo.

Jumapili binti aende San Telmo, mtaa wa Defensa, kwenye gulio. Wapo wapigaji na wachezaji wa tango barabarani. Asiondoke mapema, kwa sababu jioni vikundi vya candombe hushuka mtaa huohuo na ngoma zimening'inia begani, fimbo mkono mmoja, kiganja mkono wa pili. Sisi tuliokulia Ujiji, tukijua njia ya miembe ile ilikuwa njia ya watumwa, tukizisikia ngoma zile kule mbali tunasimama. Hakuna kiingilio.

BintiKatonga (Kigoma)

Shikamoo mzee, na mama asante sana, nimesoma hadi machozi yakanilenga hapo kwenye hewa ya bandoneón. GunguKwetu, mchango wako nimeupokea moyoni, ila nadhani sitauhitaji.

Nimepanga hivi: Tortoni onyesho tu, siku moja La Catedral, Jumapili San Telmo, na tamasha lolote nitakalopata. Yamebaki mawili. Kurudi usiku nifanyeje? Na nivae nini?

Mama Isevya (Tabora)

Kurudi: treni ya chini ya ardhi hufungwa kabla onyesho halijaisha, usiitegemee. Mabasi yanapita usiku kucha na utalipia kwa kadi ya SUBE inayouzwa vibandani, lakini wewe mgeni na peke yako, chukua teksi ya programu ya simu kutoka mlangoni. Itoe kwenye hizo 60 tangu sasa, isiwe ya kubahatisha. Dola zako za posho ziwe noti mpya za 100 zisizo na alama, zinabadilishwa kwa bei nzuri kuliko noti ndogo. Badilisha kidogo kidogo, maana bei za peso hazitulii, na bei yoyote ya ukumbi uliyoisoma leo iangalie upya wiki ya safari.

Mavazi: mwezi wa nane kwao ni baridi, usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na wewe unatoka kwenye jua la kiangazi la Kigoma. Koti zito na mtandio wa sufu. Tortoni gauni lako la kawaida la kutokea linatosha. La Catedral watu wanavaa wapendavyo.

Viatu usivae vya raba. Soli ya raba inang'ang'ania sakafu, na nakuona unakotaka kuelekea: ukishasikia ile bendi utataka kusimama. La Catedral kuna somo la wanaoanza kabla watu hawajajaa, wahi hilo, ulize bei mlangoni. Watakufundisha kutembea tu, mbele na nyuma, saa nzima. Kubali, ndivyo wanavyoanza wote.