Mrejesho: Uvimbe kwenye titi la mdogo wangu

Ndugu zangu, niliuliza kama sindano ya kupima uvimbe wa titi husambaza saratani, maana shangazi alishamjaza mdogo wangu hofu. Tumeenda Muhimbili, amepimwa.

Daktari aliupapasa kwanza, uvimbe ukawa unateleza chini ya vidole, ikafuata ultrasaundi. Sindano yenyewe ni nyembamba mno! Aliubana uvimbe kwa vidole viwili, akachoma, akaipeleka sindano mbele na nyuma huku akivuta, kisha akadondoshea kitone kwenye kioo na kukipaka kikawa utando mwembamba. Hata ganzi hakupigwa.

Majibu: faibroadenoma, si saratani. Alhamdulillah. Ila daktari alisisitiza kwamba sindano hii huchota seli tu. Majibu yake yakipishana na ultrasaundi au na alichokigusa yeye, lazima kichukuliwe kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano nene. Ya mdogo wangu yamekubaliana yote matatu, kwa hiyo anafuatiliwa tu. Na kuhusu kusambaza, alisema hofu hiyo isimzuie mtu kupimwa; kinachoumiza wengi ni kuchelewa.

Dada uliyesema chuchu yako inatoa damu, nakusihi, nenda wiki hii hii.