Bei mpya ya huduma ya kuhifadhi msimbo: tuhame au tubaki?

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Wenzangu, hamjambo? Sisi ni kikundi kidogo hapa Kisumu, na tunatengeneza programu ya hesabu za maziwa kwa vyama vya ushirika vya Nandi. Huduma ya mtandaoni tunayohifadhia msimbo wetu, yaani maandishi yanayounda programu, imetuandikia kwamba kuanzia mwezi ujao kila mtumiaji atalipiwa dola 10 badala ya dola 6. Tuna watumiaji 11, kwa hiyo bili itapanda kutoka dola 66 hadi 110, yaani kutoka takriban shilingi 8,500 hadi 14,200 tukihesabu dola kwa shilingi 129, na hapo VAT ya asilimia 16 haijaongezwa. Wateja wetu walitia saini mikataba ya mwaka mzima kwa shilingi, na siwezi kumrudia mwenyekiti wa chama katikati ya msimu nimdai nyongeza ambayo haimhusu. Tumepewa siku 30 tu. Je, kuna aliyehama kwa sababu kama hii, na mambo yalimwendeaje?

Msanidi wa Nakuru

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hujafunga virago, fungua orodha ya watumiaji na uwapitie mmoja baada ya mwingine. Mwaka jana nilikuta kwetu wanafunzi wawili wa atachimenti waliokuwa wamerudi chuoni kitambo, pamoja na akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kompyuta ya majaribio, na zote tatu tulikuwa tukizilipia kila mwezi.

Jambo la kuchunguza ni kile kinachohesabiwa katika bili, kwa maana hapo ndipo mabadiliko haya huumiza. Hadi 2016, GitHub, huduma maarufu ya kuhifadhi msimbo, ilitoza mashirika kwa idadi ya hazina za siri, yaani makabati ya msimbo yasiyoonekana na umma. Mwaka huo ikaanza kutoza kwa kila mtu, dola 25 kwa watu 5 wa kwanza na dola 9 kwa kila anayeongezeka. Waliokuwa na hazina nyingi na watu wachache walifurahi, lakini waliokuwa na vibarua wengi wanaogusa msimbo mara moja kwa mwezi walipandishiwa gharama ghafla. Aprili 2020 dola 9 zilishuka hadi 4, na hazina za siri zikawa za bure kwa timu za ukubwa wowote. Tangu hapo mvutano umehamia kwenye dakika za majaribio ya kiotomatiki, yaani muda ambao kompyuta huupima msimbo yenyewe unapobadilishwa. Desemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza ada ya dola 0.002 kwa dakika hata pale majaribio yanapoendeshwa kwenye mashine ya mteja mwenyewe, na wasanidi walipolalamika kwa wingi ikaahirisha mpango huo. Dakika 3,000 kwa kiwango hicho ni dola 6, kiasi kidogo, lakini naelewa hasira ya mtu anayetozwa kwa umeme na kompyuta alizonunua yeye.

Mhandisi wa Kakamega

Sisi tulihama, dada na kaka zangu, tukaweka Gitea, programu ya kujihifadhia msimbo mwenyewe, kwenye kompyuta ya zamani ofisini. Ni programu huria na haihitaji mashine kubwa. Msimbo wenyewe ulihama kwa saa moja, maana kila nakala kamili ya Git, mfumo unaotunza mabadiliko ya msimbo, hubeba historia yake yote. Tulichopoteza ni mijadala: kwa nini tulibadilisha hesabu ya makato, nani aliikagua, mteja alilalamika nini. Tulinakili hazina kwa amri ya kawaida, na hatukutambua kwamba Gitea ina kihamishi kinachoweza kuleta mijadala hiyo pia. Halafu msimu wa mvua umeme ulikatika mara tatu jioni moja na diski ikafa. Siku hiyo tuliokolewa na nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja. Ukihama, hesabu na UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika), diski ya pili, na saa za mtu atakayesimamia seva, kwa sababu hizo nazo ni pesa.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Asanteni kwa moyo wote. Nimepitia orodha leo asubuhi: wanne hawako nasi tena, akiwemo mmoja aliyeondoka kabla hatujaanza kazi ya Nandi. Tunabaki 7, yaani dola 70, sawa na shilingi 9,030, nyongeza ya takriban shilingi 500 ambayo tunaweza kuimudu hadi mikataba iishe. Bado naona siku 30 ni chache mno kwa timu inayolipwa mara moja kwa mwaka, na nimewaandikia hivyo. Hata hivyo sitasubiri barua nyingine: Jumamosi tutaweka Gitea ofisini tukitumia kihamishi, tuhakikishe mijadala yote imefika, kisha seva hiyo ivute nakala kila usiku. Mhandisi, UPS yenu ni ya ukubwa gani, na hushikilia kwa dakika ngapi?